Mwenye Kujibu Karibu

Kibokoni, Mombasa
8 Agosti 2024

Mwanangu Janet,

Salamu nyingi sana. Waendeleaje, na tumbo? Miguu bado inavimba? Sisi huku wazima, isipokuwa simu yangu. Ilitumbukia baharini kule Liwatoni nikiinama kuchagua samaki. Kaka yako Arnold alicheka mpaka akakaa chini. Yake sitaki, nikiishika maneno yananipotea. Barua nitampa Thoya dereva, si basi lake linapita hapo Voi kila siku?

Nyumba aliyotukodia Arnold likizo hii ni ya ghorofa, kuta nene, ukiongea mtu wa chumba cha pili hasikii. Mwenyewe ni Bi Amtulla, Mhindi mwenye duka Ndia Kuu, mama mzuri. Alipotupa ufunguo aliniambia, "Mama Arnold, mkisikia hodi kutoka juu, msijibu. Nyamazeni tu." Mkaza mwanangu Caroline na watoto wakacheka. Mimi nilidhani ni mambo ya majirani.

Leo asubuhi wote wametoka kutembea, mimi mikono imejaa unga wa chapati, nikasikia sauti ya mwanamke huko juu kwenye ngazi, ya adabu kabisa: "Hodi." Janet, wanijua. Mdomo ulisema karibu kabla sijafikiri. Nikasikia mtu anashuka, kisha kiti cha sebuleni kikalia. Nilipokwenda, hakuna mtu. Nikagusa kiti. Kilikuwa na joto.

Usiogope lakini. Jumatatu tunarudi, na siku yako ya kujifungua nitakuwepo nikushike mkono, kama nilivyoahidi.

Mama yako.


Voi
10 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mtoto anacheza mpaka sahani inatikisika nikiiweka tumboni.

Mama, tokeni humo leo. Nimempigia Arnold, anasema mko watano na unaandaa vikombe sita. Eti kile cha sita kinapungua! Unamwandalia nani chai? Ulimwona wapi?

Daktari amesema ni wiki ijayo. Mume wangu Seth yuko na lori huko Malaba, sijui atafika lini. Sina mwingine ila wewe. Naogopa, Mama, sikufichi.

Binti yako,
Janet.


Kibokoni
13 Agosti 2024

Janet,

Salamu kutoka hapa nyumbani. Hujambo?

Arnold na watu wake waliondoka jana. Nilitoka nao na begi langu mpaka kona. Pale nikakumbuka sijamuaga mgeni, nikarudi. Tukatoka tena, nikakumbuka jiko. Mara ya tatu sijui nilikumbuka nini. Arnold alinivuta mkono, na ana nguvu yule, lakini miguu ilikuwa imeshageuka. Caroline akalia. Nikawaambia watangulie.

Bi Amtulla alipokuja akashika kichwa. "Ulijibu? Mama Arnold, ulijibu? Katika nyumba, anayesema karibu ndiye mwenyewe. Na mwenye nyumba haondoki mgeni yumo ndani." Nikamwambia, nyumba si ni yako? Akasema ni yake kwenye karatasi tu, yeye hata ngazi ile hapandi.

Sielewi, mwanangu. Simwoni, na chai inakwisha. Anapiga hodi kutwa na mimi najibu, maana kumwacha mtu amesimama ni vibaya.

Kuna jambo nilikuahidi. Hebu nikumbushe lilikuwa nini?

Ni mimi,
Mwenye nyumba.


Voi
25 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua tatu hukujibu. Thoya anasema ulizipokea dirishani ukamwita mgeni.

Nilijifungua tarehe kumi na saba Agosti, mvulana. Nesi nisiyemjua ndiye aliyenishika mkono. Nilikukasirikia. Nilikulilia pia. Arnold amekuja huko mara mbili, mara zote umeng'ang'ania mlango mpaka ameona atakuvunja vidole.

Basi nimezungumza na Bi Amtulla. Anasema mwenye nyumba havutwi wala hafukuzwi. Nikamuuliza, hata kusindikiza wageni haruhusiwi? Akasema, "Hilo hakuna aliyewahi kulijaribu."

Mama, wewe ndiye uliyekuwa ukisindikiza wageni mpaka barabara kuu, nao wakakusindikiza kurudi, nawe ukawasindikiza tena, sisi huku maharagwe yanaungua! Sijawahi kukuona ukimwacha mgeni aende peke yake.

Mtoto ametimiza siku arobaini. Jumapili nitakuja. Nitapiga hodi kama mtu baki, nitakunywa chai yako, kisha nitaaga.

Binti yako, hata ukinisahau,
Janet.


Ndani ya basi
Jumapili, 29 Septemba 2024

Mwanangu Janet,

Salamu. U mzima? Umeshajifungua? Natumaini aliyekushika mkono alikuwa mtu mwema. Jambo lenyewe nimelikumbuka sasa hivi, na sijui nilikuwa wapi.

Leo nimepata mgeni. Yeye alipiga hodi mlango wa mbele, na mtoto mchanga mgongoni. Nikasema karibu. Yule wa juu akanyamaza, hata kiti hakikulia. Mgeni akanywa vikombe viwili huku machozi yanamtoka. Nikamwambia, "Pole, tangawizi imezidi." Akacheka. Kisha akaaga. Nikamfikisha mlangoni.

"Hapa tu?" akaniuliza. "Mama, mimi natoka mbali. Kwenu mgeni anaachwa mlangoni?"

Niliona aibu. Nikamfikisha kwenye kona, na hapo miguu ikawa mizito, nikamwambia nimeacha jiko. Akasema amechoka, nimpokee mtoto kidogo. Nikampokea. Sasa utageukaje na mtoto wa watu mikononi? Tukafika Ndia Kuu, Bi Amtulla akatuona toka dukani akaziba mdomo kwa mkono. Tukafika Mwembe Tayari, kwenye basi la Thoya. Mgeni akasema nipande nimwekee mtoto kwenye kiti, nitashuka likianza kuondoka.

Limeanza. Thoya ananitazama kwenye kioo, hasimami. Mgeni amelala begani kwangu, na mtoto kifuani. Nyumba nimeiacha wazi, na kama kuna hodi sijui nani anajibu. Nataka kushuka. Lakini nikiinuka nitamwamsha, na anaonekana hajalala siku nyingi. Mtoto huyu ana masikio ya marehemu baba yako, hata sijui imekuwaje.

Kabla hajalala nilimuuliza, "Huko Voi unamjua binti yangu Janet?" Akasema anamjua sana. Basi akiamka nitampa barua hii akuletee.

Mama yako.