Ndoto Niliyomwazima Rukia

Jumatatu, 7 Machi 1955

Wagonjwa wa leo wanawake watupu. Nimewajua kwa viatu chini ya ngazi. Salim anakaa nao chumba cha chini, viti viwili vinatazamana, mlango umerudishwa, wanamhadithia ndoto zao. Hiyo ndiyo tiba aliyokwenda kuisomea Uswisi, mimi nikabaki hapa Mkunazini kumlelea wanawe. Si sindano wala vidonge. Ndoto.

Sisi tulifundishwa kuwa ndoto njema haisimuliwi ila kwa mtu anayekupenda. Basi wote hao wanapendana na mume wangu? Mchuzi umeungua kwa hasira zangu.

Jumatano, 9 Machi

Nimeota. Asubuhi nikamwambia, "Salim, nimeota." Zamani angejibu kheri inshallah, kama watu wote, nami ningeendelea. Leo anafunga vifungo vya shati tu.

"Mke wangu simtibu, Bi Salma. Ndiyo sheria ya kazi."

Nani kataka kutibiwa? Nilitaka kusikilizwa.

Ndoto yenyewe: nyumba imejaa wageni, nazunguka na sinia la halua. Kila mmoja anachukua, hakuna anayenitazama usoni. Nataka kulitua, mikono haitaki kuliachia. Lilikuwa lile sinia letu la shaba, alilolidondosha Salim wiki ya harusi, ukingo ukabonyea. Tulicheka sana siku ile.

Alhamisi, 10 Machi

Nimepata dawa yake. Rukia, shoga yangu tangu tukisoma Kurani chuo kimoja. Mjane, hana wa kumkataza. Nimemfundisha ndoto yangu yote, mpaka ule ukingo. Ataingia kama mgonjwa, ataisema kuwa yake, kisha ataniletea jibu. Amecheka, akakubali.

Jumatatu, 14 Machi

Rukia katoka macho mekundu. Nikamvutia jikoni. Nikamwuliza, Salim kasema nini?

"Hebu niache, shoga. Yanayosemwa mle yanabaki mle."

Ndoto yangu, halafu nifichwe mimi. Eti baada ya ile alijikuta anasimulia na zake, za marehemu mumewe. Atarudi Alhamisi. Mtaka cha mvunguni huinama. Mimi nimemwinamisha mwenzangu, na cha mvunguni kachukua yeye.

Alhamisi, 17 Machi

Karudi. Kajifukiza udi. Mgonjwa gani huyo?

Jumapili, 20 Machi

Salim kazungumza wakati wa chakula, jambo la nadra. Anasema kila mtu ana kivuli ndani yake, na unachomchukia mwenzako mara nyingi ni chako mwenyewe. Mimi namchukia Rukia kwa sababu anasikilizwa. Hicho changu kiko wapi?

Nikamwuliza yeye ndoto zake humwambia nani. Akajibu kwamba tabibu wa namna yake sharti naye awe na tabibu wake, na wake yuko Uswisi. Akaendelea kumenya mchungwa. Nikafurahi kwa ubaya. Kumbe na yeye hana mtu.

Jumatatu, 21 Machi

Mambo ya aibu leo.

Nilimsikia Rukia akicheka chini. Wivu ukanipanda mpaka masikioni. Nikamimina kahawa, nikachukua sinia la kwanza lililonijia mkononi, nikashuka, nikausukuma mlango bila hodi. Nilitaka kuwafumania.

Wamekaa mbalimbali. Rukia ana karatasi na rangi mapajani. Alikuwa akiichora kanzu ya marehemu, imetoka kama gunia, ndicho kilichomchekesha. Na huku machozi yanamtoka.

Kisha akaliona sinia. Akaduwaa. Salim akafuata macho yake, akauona ukingo uliobonyea, ule ule wa ndoto. Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kikombe. Nikasimama nalo palepale, mikono haitaki kuliachia. Salim akaniangalia usoni. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Nikapanda juu nalo. Kahawa nusu imemwagika ngazini.

Jumanne, 22 Machi

Salim kashuka kwa wagonjwa wake kabla ya chai. Nami sikumwuliza. Rukia kampitishia mwanangu salamu: nimsamehe. Nimsamehe nini, nilimtuma mimi. Lakini bado namwonea wivu, nisijidanganye.

Jumatano, 23 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilikuwa bado kwenye msala. Salim kapanda na sinia, kalibeba mwenyewe, chai na mkate wa ufuta. Akalitua mkekani, ukingo uliobonyea ukawa upande wake. Akakaa chini, mbele yangu. Huko chini mgonjwa wa kwanza alishapiga hodi. Hakuinuka.

"Salma," kasema. "Nimeota."

Nikaukunja msala kwanza, kwa ukaidi tu. Mkono wake ulikuwa ukipapasa pale palipobonyea.

"Kheri inshallah," nikamjibu.