Macho Yangu na Kahawa Mbichi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na huko Mapera mmeshaanza kuchuma, au kahawa bado? Mimi hapa Mwanza mwili ni mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Naandika kwa sababu kwenye simu ungeanza kulia, nami ningekata.

Juzi kwenye maabara ya chuo tuliangalia bakteria kwa darubini. Wakitiwa dawa ya rangi, wengine huwa zambarau, wengine pinki, na daktari lazima awatofautishe ndipo ajue tiba. Wenzangu wakajibu chapchap. Mimi naona wote sawa! Nikabahatisha, nikakosa. Mwalimu wetu, Dokta Rehema, akacheka: "Osmund, jana ulilala kweli?" Kisha akaacha kucheka, akaleta kitabu cha madoa ya rangi. Wenzangu wanasoma namba humo, mimi naona madoa tu, kama uji uliomwagika.

"Nyekundu na kijani huzitofautishi," akasema. "Hujawahi kuambiwa?"

Nani aniambie, Mama? Nyumbani nilikuwa mvivu tu. Baba alimwaga kikapu changu cha kahawa mbele za watu: "Mbichi tupu, za kijani! Macho ya huyu mtoto ni ya nini?" Na Mjomba Longinus, mdogo wako, walimsema hivyohivyo. Kumbe ugonjwa huu, au si ugonjwa, sijui niuiteje, mtoto wa kiume huupata kwa mama yake, na mama mwenyewe anaona vizuri.

Jumatatu tuna mtihani wa maabara. Neema, ninayekaa naye meza moja, anasema atanikanyaga mguu: mara moja zambarau, mara mbili pinki. Dokta Rehema anataka nijitokeze ofisi ya chuo, niseme hali yangu. Eti wapo madaktari wenye macho kama haya yangu, huomba wenzao wawasomee. Mwanafunzi mwingine kaniambia nihamie ualimu. Jamani, nishike lipi? Kwa mguu wa Neema nitafaulu, lakini nikipangiwa hospitali ya Litembo, nitamtibu mgonjwa na Neema pembeni? Nafikiri nitajitokeza. Nafikiri.

Ila linaloniumiza ni jingine. Nimekumbuka ulivyokuwa ukinifuata shambani, unaninong'oneza: "Usiangalie, minya. Ikibonyea imeiva." Dada zangu hukuwaambia hivyo. Na parokia nzima iliponiita daktari, ulitabasamu, ukanyamaza.

Nisalimie Baba, lakini usimsomee barua hii. Wasalimie dada zangu na bibi mzaa baba, mwambie namwombea.

Usinijibu kwa kunifariji, Mama. Niambie tu, ulijua?

Mwanao,
Osmund