Umm Khalid Amerudi Kutoka California

Bi Zuhura,

Siwezi kuketi. Tangu asubuhi nimeandika mistari miwili, nikainuka kwenda dirishani kuangalia wasukuma mikokoteni wa mtaa huu wa Naif wanavyochemka juani, nikarudi, nikainuka tena. Ungekuwepo ungeniambia, "Wambui, tulia, utatoboa zulia." Basi najaribu kutulia nikueleze yaliyotokea, kwa sababu mengine yanakuhusu wewe, na sijui kama nikusamehe au nikuombe msamaha.

Tangu ututoke mwezi wa nne, meza yako naikalia mimi. Arbab, bosi wetu, alinipa msimu mmoja wa joto. Wateja wako wakibaki, nabaki. Wakiondoka, visa yangu inakatwa na mimi narudi Nakuru. Uliponitoa kwenye ulinzi nilikuwa nasimama kutwa nzima mlangoni pa jengo kule Jumeirah Lake Towers, ukanileta hapa kupangia watu safari. Kwa hiyo unajua vile naogopa kurudi nyuma.

Mteja wa kwanza alikuwa Umm Khalid wako, yeye na watoto na mama mkwe, wiki tatu California. Safari ulikuwa umeshaipanga kwenye faili. San Francisco, halafu ile miti mikubwa ya kale, halafu siku sita kwenye kimji cha pwani ya kaskazini, na pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu: baridi, ukungu hadi saa sita mchana. Mimi nikaona hilo ni onyo. Nani anaenda likizo mwezi wa saba kuvaa sweta? Nikafungua kitabu cha picha, nikaona mji wa jangwani, huko bara, anga la buluu, mabwawa ya kuogelea, mitende imejipanga. Nikasema hapa watajisikia nyumbani. Nikafuta pwani, nikaweka jangwa.

Aki, Bi Zuhura, mitende. Nimewatoa watu Dubai kwenye joto lote lile nikawapeleka kuangalia mitende.

Umm Khalid alinipigia saa tatu asubuhi, kwao usiku umeshaingia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Wambui, huku mchana ni digrii arobaini na sita. Mama mkwe wangu hajatoka chumbani siku mbili. Zuhura angefanya hivi?" Nikasema nitarekebisha leo, inshallah, bila kujua nitarekebisha vipi. Kila hoteli ya pwani niliyoitafuta kwenye kompyuta ilikuwa imejaa. Ndipo nikafungua daftari lako la simu, nikakuta namba moja ya kile kimji ulichokuwa umewachagulia, na maneno haya: Doris, kila Alhamisi baada ya Maghrib. Maghrib yetu ni asubuhi yao. Bahati siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, ikabidi nisubiri jioni. Siku hiyo nilizunguka vichochoro vya Naif sijui mara ngapi, sikula, chai yenyewe ilinishinda.

Doris ni mama mzee mwenye nyumba ndogo ya wageni. Nilipotaja jina lako alicheka kwa furaha, akaanza kunieleza hali ya hewa kabla hata sijauliza: ukungu mzito, waje na sweta mbili mbili. Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukijua. Ulikuwa ukiniambia, "Kompyuta haina ngozi, muulize mwenye ngozi," nikadhani ni mizaha yako tu. Nilipomwambia umefariki alinipa pole. Halafu akasema, "Alikuwa aje mwaka huu. Walimnyima visa mara mbili, akaniambia atajaribu tena."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Hukuwahi kufika. Miaka yote hiyo uliwaambia wateja, mbele yangu, vile ukungu ulivyokulowesha buibui, vile shingo ilivyokuuma ukitafuta kilele cha mti. Mimi pia nilikuamini. Nilikasirika, sikufichi, nilikasirika kabisa, huku mwanamke wa watu akinitafutia vyumba. Alinipa vitatu, kimoja kikiwa chake mwenyewe cha kulala.

Jana Umm Khalid alikuja ofisini. Arbab alisimama pale pale na kikombe chake, akisubiri kusikia. Umm Khalid akasema mama mkwe alitembea ufukweni kila asubuhi amejifunika blanketi la Doris, na hataki kusikia habari ya mahali pengine. Mimi nikapumua. Kisha akanitazama usoni. "Zuhura aliniambia alifika kule. Na wewe, umefika?"

Neno moja tu lilitosha, na najua wewe ungesema lipi. Nikamwangalia arbab, nikaona Nakuru ile pale. Nikasema, "Sijafika, madam. Lakini kuna mtu kule nitakayempigia kila Alhamisi."

Akaweka mkoba wake mezani. Halafu akasema, taratibu, "Hata yeye hakufika. Doris ameniambia. Siku ya kwanza nilikasirika, nikasema nimedanganywa miaka yote. Siku ya pili nikateremka ufukweni alfajiri, nikamsomea Fatiha pale pale alipotaka kufika." Mwakani anataka nimpangie tena. Alipoondoka, arbab hakusema mengi, alikwenda kabatini akaitoa pasipoti yangu ikafanyiwe visa mpya.

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani kwako.

Nakuahidi sitamwambia mteja kwamba nimeona nisichokiona. Nitauliza wenye ngozi, kama ulivyonifundisha, na nitasema wazi kwamba nimeuliza. Na hasira yangu imebaki kidogo tu, usiniharakishe, nayo itaisha.

Kwaheri, Bi Zuhura. Pumzika. Nilitaka tu ujue kwamba kule walikokunyima kuingia, kuna mtu alisimama kwenye ukungu, viatu vimelowa, akakutaja kwa jina mbele ya Mungu.

Wambui wako