Wifi Anaitaka Suti Aliyoanguka Nayo Mume Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha gari ambalo halipo, maana mimi ni fundi wa kushona viti vya magari na karakana yangu imejaa viti vya watu, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama barua itakuwa ndefu, kwa sababu jambo hili sijamwambia mtu yeyote na zimebaki wiki tatu tu kabla halijawa kubwa zaidi.

Marehemu mume wangu alikuwa abiria kwenye mashindano ya pikipiki, zile za magurudumu matatu zenye kijukwaa pembeni, na usicheke ukisikia abiria, kila mtu hucheka, hata mimi siku ya kwanza nilimuuliza kama na nauli analipa. Kumbe abiria ndiye mwenye kazi, hana kiti wala mkanda, kona ikija upande wake anajining'iniza nje mpaka nyonga inakaribia lami, ikija upande wa pili anampandia dereva mgongoni, yote hayo ili chombo kisipinduke. Dereva wake alikuwa kaka yake, yaani shemeji yangu, na wenzao walimwita mume wangu Kupe kwa jinsi alivyokuwa akinata.

Suti zake za ngozi nilimshonea mimi. Nilijifunza kwa kufumua moja ya zamani kipande kwa kipande, nikajua wapi pana sponji ngumu, begani, nyongani na magotini, wapi ngozi inawekwa mara mbili, na kwamba kila mahali panapita mishono mitatu ya uzi mnene wa nailoni uliopakwa nta. Suti ya abiria inakatwa kwa mtu aliyeinama, akisimama wima inamvuta mgongo utadhani fundi alikuwa amelewa, lakini akijikunja kwenye chombo ndipo inamkaa, na mimi nilijivunia kazi hiyo kuliko viti vyote nilivyowahi kushona.

Mwaka jana, siku moja kabla ya mashindano, alikuja karakana saa nane mchana akaniambia, "Mke wangu, hapa nyongani panabana. Nikijitupa nje naona kama kuna mtu kanishika. Nilegezee kidogo tu." Nikafumua, nikaongeza kipande, nikaanza kushona, na katikati ya mshono wa pili uzi wa nailoni ukaniishia. Nje gari la kubebea chombo lilikuwa linaunguruma, shemeji anapiga honi, anapiga tena, na mimi nikachukua uzi wa viti uliokuwa mezani, mweusi vilevile ila dhaifu, nikamalizia nao, nikajiambia akirudi nitaufumua. Akachuchumaa mara mbili kuijaribu, akanibusu paji la uso, akasema, "Sasa imenikaa," akaondoka. Sikumwambia.

Kesho yake kwenye kona ya tatu gurudumu la pembeni lilipasuka na chombo kikapinduka. Shemeji aliangukia nyasi akainuka na michubuko, Kupe akaburutwa kwenye lami. Mbavu zilivunjika, pafu moja likaumia, na nyongani mshono ulikuwa umefumuka, palepale nilipomalizia. Siku zote kumi na moja alizolazwa, mimi ndiye niliyemshika wauguzi wakimsafisha kidonda, na kidonda kile kilikuwa na urefu wa mshono wangu, nilikipima kwa macho, hiyo ndiyo kazi yangu. Kikaanza kutoa usaha, homa ikapanda, na asubuhi moja akafa nikiwa nimemshika mkono. Sikumuuliza daktari kilichomuua ni nini kwa sababu niliogopa jibu.

Msibani mama mkwe alinishika mikono yote miwili mbele ya watu akasema, "Mikono hii imenipa siku kumi na moja na mwanangu. Bila ile suti angefia barabarani." Watu wakalia, mimi nikalia kuliko wote, na tangu siku hiyo ananiita mwanangu, kila asubuhi ananipigia simu kuniuliza kama nimekula, kama nimelala, na mimi nasema ndiyo mama, nimelala.

Sasa wiki iliyopita shemeji amekuja na wifi yangu, kitinda mimba wao, mwanamke mzima, kazi yake ni kufunga nyaya za umeme kwenye majengo, mwepesi na haogopi kitu. Yeye ndiye abiria mpya, na mashindano yao yamebaki wiki tatu. Shemeji akasema, "Suti ya marehemu si ipo, shemeji? Mpunguzie kiuno, na pale palipofumuka upashone." Nikasema bora nimshonee mpya. Wifi akatikisa kichwa. "Sitaki mpya, wifi. Nikiivaa ile nitaona kaka kanikumbatia." Suti hiyo inaning'inia nyuma ya mlango wangu, shingoni bado ina jasho lake, na hujui ni mara ngapi nimeingiza uso wangu humo.

Nimewaza niishone upya kimya kimya kwa uzi mzuri, mishono minne badala ya mitatu, nimpe avae, na siri hii nizikwe nayo. Au niseme, niliyekwisha kumkosa mume nimkose na mama na wifi kwa mpigo. Mshauri, mimi wazazi sina, hawa ndio niliobaki nao. Nifanye nini?

Fundi wa Viti

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Pole sana. Kumshika mgonjwa wako huku unapima mshono wako kwenye mwili wake ni adhabu ambayo hakuna hakimu angekupa. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimelia, sikufichi. Nilipomaliza kulia nikakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Habari za uzi umeniandikia mpaka nimeshiba. Habari za ngozi hukuniandikia hata mstari mmoja. Nimempigia fundi mmoja wa suti za aina hiyo nikamuuliza kama iliyokwisha kuburutwa kwenye lami huvaliwa tena. Akasema, "Mama, hiyo imeshamaliza kazi yake. Kwa macho utaiona nzima, lakini ilipoburutwa imelika, imebaki karatasi. Na sponji likishapigwa mara moja, limekufa." Wewe unayajua hayo kuliko mimi. Uliyaacha kwa makusudi, kwa sababu ukiyaandika huna tena la kuniuliza.

Basi hata ushone mishono kumi, utakuwa unamvisha wifi yako ganda tupu. Siku ile ulikuwa na haraka na honi inakupigia kelele. Safari hii una wiki tatu na akili zako timamu. Ukifanya hivyo tena, usiniandikie.

Unaogopa kwamba uzi wako ndio uliomuua Kupe. Sijui. Ningependa kukuambia ni mbavu, lakini sikuwepo na mimi si daktari. Nenda hospitali aliyolazwa, omba kuonana na daktari wake, muulize ana kwa ana, na ukitoka hapo ulijue jibu lako. Ila usijifiche nyuma ya jibu hilo. Liwe lolote, wifi yako lazima aambiwe, tena kabla hujaenda huko hospitali.

Mama mkwe wako hakukosea. Mgongo, mabega na magoti viliburutwa kwenye lami ileile, na mishono yako ikashika. Nyongani haikushika. Peleka kwao yote mawili jinsi yalivyo. Usiende kujiita muuaji ili wakubembeleze, wana msiba wao na umewatosha.

Jumapili hii mchana ichukue suti uende kwa shemeji yako, na wifi awepo. Itandaze mezani. Waonyeshe kwa kidole uzi wa nailoni ulipoishia na ule mwingine ulipoanzia, kisha uwaonyeshe ngozi ilivyolika. Zungumza na wifi kwanza, maana mwili utakaoingia humo ni wake. Shemeji akifoka, mwache afoke. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga honi, na nadhani tangu Kupe afe anaisikia hiyo honi kichwani. Wakishaelewa, toa mkasi uikate suti mguu mmoja palepale, asibaki wa kuitamani. Shingo yake iache, hiyo ni yako, rudi nayo nyumbani.

Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa mama mkwe, asiyasikie kwa mtu mwingine. Simu ya asubuhi huenda ikakatika mwezi mzima. Huenda ikakatika moja kwa moja, na itakuuma kuliko chochote nilichokuandikia hapa. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba mama huyu ameshazika mtoto mmoja, na wewe ndiye pekee mwenye habari inayoweza kumwepusha na kaburi la pili.

Wifi akisema hataki tena kushonewa na mikono yako, usibishane naye. Mtafutie fundi mwingine, na umwambie shemeji mbele yake kwamba hapandi chombo bila suti mpya, hata kama mashindano yatapita.

Akikubali, mpime akiwa amejikunja kama atakavyokaa kwenye chombo. Ndugu hufanana migongo, fundi. Atainama mbele yako na utauona mgongo wa mume wako chini ya tepu yako. Lia, hakuna atakayekukataza. Lakini usiache kupima, na kila namba iandike ilivyo.