Gari Lilizima Kweli

Baba,

Shikamoo. Nimerudi kutoka Katesh na gari lako limepona. Usukani umekuwa laini kiasi kwamba hata Mama angeugeuza. Lakini si hilo lililonifanya niandike. Nakuandikia kwa sababu nilimshuku mdogo wako, na bado sijui kama nimemaliza kumshuku.

Ilianza na viatu vyako. Siku ile baba mdogo Paskali alipokutoa Tumati, kifua kimekubana, mimi niliwasubiri hospitalini Mbulu. Mlichelewa mno. Mlipofika ulikuwa huongei tena. Jioni nilipokabidhiwa nguo zako nikakuta viatu vina tope hadi kwenye kamba, na suruali ina tope magotini. Naye baba mdogo alikuwa ameshatueleza: gari lilizima konani, usukani ukawa mzito kama umefungwa, akahangaika peke yake huku wewe umekaa kwenye siti, umefunikwa blanketi. Mtu aliyekaa kwenye siti anapataje tope magotini, Baba?

Msibani nilimwangalia tu. Hakula. Akiulizwa habari za njiani alijibu akitazama chini. Na kabla watu hawajatawanyika alimwambia Mama gari liuzwe, hata kama chuma chakavu. Nikajiuliza haraka hiyo ni ya nini. Nikakumbuka mlivyovutana kuhusu mpaka wa shamba la vitunguu swaumu, mkakaa msimu mzima hamsalimiani. Nikawaza mambo ambayo binti hapaswi kuyawaza juu ya mtu aliyembeba mgongoni. Kwamba alisimama njiani makusudi. Kwamba gari halikuzima kabisa.

Mama alinisoma usoni. Akaniambia, "Mwache baba yako mdogo." Sikumwacha. Niliona shahidi aliyebaki ni gari lenyewe. Kama lina ugonjwa alioutaja, alisema kweli. Kama halina, nitajua.

Mafundi wa Dongobesh sikuwaamini, wote wanakunywa naye chai. Nikaliendesha mwenyewe mpaka Katesh. Nilipokaa pale mbele nikakusikia ukinifundisha kule malishoni, ng'ombe wakitutazama: "Usukani usiushike kama jembe." Basi nikaushika taratibu. Na gari likaenda vizuri, Baba. Kila lilipopita kona bila kusita, mimi nilizidi kuumia.

Nilimpata fundi mmoja, Idi, karibu na soko. Sikumwambia natoka wapi. Nilimwambia aangalie usukani na silensa tu, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama. Akaliwasha, akasikiliza, akalizungusha uwanjani. Akasema, "Dada, hili gari ni zima."

Nilitaka kumpigia Mama simu palepale. Lakini nikamwomba kwanza aliache lingurume mpaka lipate moto sawasawa, kama linavyopata likipanda mlima. Tukasubiri. Lilipopata moto akakata usukani mpaka mwisho, gari likiwa limesimama. Mngurumo ukashuka, boneti ikatetemeka, injini ikazima. Akajaribu kurudisha usukani, mishipa ya shingo ikamtoka.

Nikamuuliza kama anamfahamu mtu anayeitwa Paskali. Akanishangaa tu.

Alifungua akanionyesha. Pampu ya usukani ilikuwa imechoka, mafuta yake meusi yenye povu. Ukikata kona kali kwa mwendo mdogo, gari likiwa na moto, pampu inaivuta injini chini. Injini nayo haikuweza kujiinua, maana njia yake ya hewa ilikuwa imejaa masizi. Likizima, usukani unakosa nguvu hapohapo. Likipoa, unaliona zima. Nikauliza kama mtu anaweza kufanya hivyo makusudi. Akasema huo ni uchakavu, umekuja pole pole. Akafunga pampu nyingine, akasafisha masizi, akajaza mafuta mapya, akakata usukani huku na huku mpaka povu la hewa likaisha. Sikubanduka pale. Nilikuwa namchunga fundi, au namlinda baba mdogo, sijui.

Basi gari lilizima kweli. Lakini tope lilikuwa bado.

Nikapitia kwa baba mdogo. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikamwambia gari limepona na ugonjwa wake nimeuona. Nikamwambia pia kuhusu suruali yako. Akaweka mundu chini, akakaa kwenye majani yale.

"Alishuka akasukuma," akasema. "Betri ilikuwa imekufa kwa kuwasha-washa. Nilimkataza. Akasema mikono yake haina nguvu ya kugeuza usukani ule, ila miguu bado anayo. Mimi nishike usukani, yeye asukume."

Akasema ulianguka kwa magoti mara moja, ukainuka. Gari likawaka. Ukaingia unacheka, ukamtania kwamba ameshindwa na gari la mzee. Mlipopita Dongobesh ukanyamaza.

Nikamuuliza kwa nini alitudanganya.

"Ningemwambiaje mama yako kwamba nilikaa kwenye siti, kaka yangu mgonjwa akasukuma?"

Nilikaa naye pale kwenye majani mpaka ng'ombe wakaanza kulia njaa.

Ni wewe mtupu, Baba. Kubisha, kushuka, kusukuma, kutania. Ndiyo maana naamini. Na ndiyo maana usiku mwingine siamini, kwa sababu baba mdogo anakujua kuliko mimi, na anajua hadithi gani ingefanana nawe. Kwenye kona ile mlikuwa wawili tu, na mmoja wenu ndiye huyu ninayemwandikia.

Mama nimemwambia yote. Alilia, kisha akatia maziwa kwenye kidumu akampelekea shemeji yake. Hakuniomba nimsindikize.

Pumzika, Baba. Gari haliuzwi. Nakuahidi sitamuuliza tena baba mdogo habari za kona ile, hata nikiamka na shaka. Jumapili nampeleka Mama kanisani, na nimemwambia baba mdogo akae mbele, pembeni yangu. Alikataa. Nilipofika getini kwake akaniita, akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Binti yako,
Veronika