Shemeji, Gari Halikuuliwa na Redio Yako

Shemeji, si wewe. Redio yako haina kosa lolote. Ubovu wa pikapu umepatikana, na aliyeupata ni Leokadia, mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe, mbele ya macho yangu.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hamjambo huko Kaniha? Mama Yohana hajambo? Na huyo mtoto wenu wa pili, ambaye sisi tunamsikia tu kwa watu, ameanza kutembea? Sisi wa Murusagamba tupo. Maharage yametoka vizuri, ndizi nazo hazijambo.

Barua hii ni ya wazi kwa kusudi. Ulisingiziwa mbele ya watu, dukani, siku ya gulio, kwa hiyo sitakusafisha kwa kunong'ona. Nakala hii ni yako. Nyingine nitaisoma mwenyewe kwenye jumuiya siku ya Alhamisi, na ya tatu mwenye duka amekubali kuibandika mlangoni. Ndiyo maana nitayasema hata yale unayoyajua, waelewe na wale ambao hawakuwapo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wengi waliopita mbele yangu. Hilo nalo waliosoma barua zangu wanalijua.

Unaikumbuka wiki ya harusi yako. Pikapu ile aliyotuachia baba mkwe ilikuwa imepauka, huwezi kujua kama ilizaliwa nyeupe au kijivu. Kaka yako, mume wangu, akasema hawezi kwenda kumchukua bi harusi Runazi na gari lenye sura ya mgonjwa. Akanunua rangi ya bluu, ile ya mageti, na brashi mbili. Wewe ukafunga redio, ukasema mke wako hataingia nyumbani kwa sauti ya injini tu. Siku ile tulikaa nyuma kwenye viti vya kanisa, kina mama kumi na moja, tukaimba kutoka Runazi mpaka hapa, na redio yako mbele ikishindana nasi. Sijawahi kucheka vile. Suti yako ilikuwa ya kaka yako, mikono imekuzidi, ukawa unaikunja kila ukipungia watu.

Mvua zilipoanza, gari likaanza vituko. Leo linawaka, kesho ukizungusha ufunguo linasema ta-ta-ta na kunyamaza. Ukiwasha taa, honi inalia kama mbuzi mwenye mafua. Unalisukuma, linawaka, linafanya kazi wiki nzima kama halikufanya kitu. Majirani wakipita walikuwa wanatuuliza, "Leo limeamkaje?", kama wanaulizia mgonjwa. Mafundi wakabadilisha betri. Wakabadilisha stata. Likapona siku nne, likarudia. Mwaka ukapita hivyo.

Hapo kaka yako akaanza kuhesabu siku nyuma, akafika kwenye redio yako. Akaing'oa. Na gari, shemeji, likawaka wiki mbili mfululizo bila kugoma. Wiki mbili. Kama lingegoma kesho yake, tungekuwa bado tunakula pamoja.

Maneno ya dukani nayakumbuka kama yamesemwa jana. Kaka yako alisema, "Ulilitaka gari la baba, ukalikosa, ukaona afadhali ulimalize." Ukamjibu, "Kaka, nilichofunga ni redio, si sumu." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomkasirisha zaidi. Ukamwomba akuachie ulikague toka mwanzo. Akasema hutaligusa tena. Wiki ya tatu lilipogoma tena, kaka yako akasema ulikwishaharibu nyaya, kung'oa redio hakusaidii kitu. Mtu akishaamini, kila kitu kinamthibitishia.

Mkahama. Asubuhi ile ulikuwa unafunga godoro kwa kamba, mama Yohana amembeba mtoto mgongoni. Alikuja mlangoni kwangu kuniaga, nami nikajifanya ninachambua maharage, nikamjibu bila kuinua uso. Maharage yenyewe nilikuwa nimeshayachambua. Imepita miaka sita, na bado nauona ungo ule.

Sasa nikueleze kuhusu Leokadia. Unajua alikwenda chuo cha ufundi, akachagua umeme wa magari. Darasani walikuwa wasichana wawili, mwenzake akahamia ushonaji, akabaki yeye. Sasa yuko kwenye gereji mjini, na wenye magari makubwa wanakuja kumuulizia kwa jina. Wanasema, "Yule dada yupo?" Kama hayupo, wanasubiri. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Amekuja likizo, akaikuta pikapu chini ya migomba, kuku wametaga kwenye kiti. Baba yake akamwambia, "Mafundi watano wameshindwa, tena wanaume." Akajibu, "Baba, mimi nimeomba ufunguo tu." Akachaji betri, gari likawaka mara moja. Siku ya pili likawaka. Baba yake akawa anapita pale anatabasamu. Leokadia akasema haligusi mpaka ligome, kwa sababu ugonjwa uliojificha ukiubahatisha utabadilisha vitu vizima.

Siku ya tatu likagoma. Nimeona binti akifurahia gari kugoma kama vile kapewa zawadi. Akanikalisha mimi kwenye usukani. "Mama, piga honi." Napiga. "Mama, washa taa, upige tena." Honi ikafifia. "Zungusha ufunguo." Zile fito za kufutia mvua kwenye kioo zikaruka zenyewe, hakuna aliyezigusa. Yeye anaandika kwenye daftari. Kisha akaniambia, "Mama, umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Ukikosa njia yake ya kurudi, unapita popote. Hapa hakuna kilichoharibika, njia ya kurudi ndiyo imezibwa." Akachukua waya mmoja mnene, ncha moja akaishika kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma cha injini. "Washa." Likawaka kama jipya. Akautoa, likagoma. Akaurudisha, likawaka. Kaka yako alikuwa amesimama na kikombe cha chai, hakukinywa.

Akafuata waya mweusi wa betri mpaka pale ulipofungwa kwa bolti kwenye bodi. Akafungua ile bolti. Imeliwa na kutu, na chini yake palikuwa bluu, shemeji. Bluu safi, inang'aa. Akakwangua kwa kisu mpaka chuma kikaonekana. Akatueleza kwamba umeme haupiti kwenye rangi. Miaka yote ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu. Gari likirukaruka kwenye mashimo yetu bolti inagusa vizuri, mvua ikinyesha kutu inaziba. Na siku ile ya redio, kaka yako aliifungua betri kwanza, akautikisa huo waya, ndiyo maana tukapata zile wiki mbili.

Leokadia akauliza, "Nani alipaka rangi hapa?"

Baba yake akajibu upesi, "Mimi."

Kaka yako hakupaka pale. Yeye aliitoa betri na kufungua waya, akaitwa kanisani kupanga viti. Aliyeingiza brashi chini ya boneti ni mimi. Hakuna aliyenituma. Sikutaka mtu wa Runazi afungue boneti akute pabaya, nikapaka mpaka matundu ya bolti, na kaka yako aliporudi nikamwita aone. Alinisifu. Watu wa harusini nao niliwafungulia boneti waone kazi yangu. Wewe mwenyewe ulisema, "Shemeji, hapa naweza kulia chakula."

Kwa hiyo nimesimama pale, kaka yako amebeba kosa langu mbele ya mtoto, na mimi nikakumbuka kwamba kosa hilohilo umelibeba wewe miaka sita ugenini. Nikamwambia Leokadia, "Ni mimi." Kaka yako akasema, "Basi yaishe." Nikamwambia hayawezi kuishia hapa migombani wakati yalianzia dukani.

Nataka ujue jambo moja zaidi. Nilipomuuliza Leokadia alijulia wapi habari ya umeme kurudi, nilidhani atataja chuo. Akasema, "Baba mdogo alinifundisha." Akanikumbusha ulivyomkalisha kwenye kinu kilicholazwa, akiwa hata shule hajaanza, ukampa balbu ndogo na betri za redio zilizochoka, ukamwambia, "Waya wa kwenda umeuona. Sasa nionyeshe wa kurudi." Mimi natembea najisifu kwa mtoto huyu kila mahali, na sifa nyingine ni zako. Hilo nalo nitalisoma Alhamisi.

Sikuombi usahau. Mama Yohana nitamwangukia mwenyewe, kwa lile la mlangoni, maana lile halikuwa la kaka yako wala la gari. Kaka yako nilimwambia akuandikie, akasema, "Mwambie aje." Nikamwambia, mwambie mwenyewe. Akakaa, akasema, "Nitamwambia akifika. Nitamwambia palepale dukani." Tangu hapo kila jioni anafagia ile nyumba yenu. Amebadilisha mabati mawili, na nikimuuliza ananiambia yalikuwa yanavuja.

Leokadia ameomba ruhusa kazini. Dada zenu wameshaambiwa, jumuiya itakuwepo, mwenye duka atatoa mabenchi. Mje wote wanne. Tunawangoja Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

Shemeji yako,
Mama Leokadia
Murusagamba