Machozi ya Bi Harriet

Kisiwani kwetu Malaita, 1907

Kaka yangu Irobako,

Nimefika salama, ila mvua haijakatika tangu meli ituteremshe. Shoka ulilonipa limeibiwa palepale ufukweni.

Unamkumbuka Bi Harriet, yule Mzungu wa kanisani huko Mackay uliko, alivyonibembeleza nisimulie jinsi Wazungu walivyotukamata kwenye mtumbwi wetu tukiwa watoto, wakatupeleka kukatishwa miwa? Kanisa zima lililia. Wakapeleka hadithi yangu gazetini, wakidai utumwa ukomeshwe. Serikali ikawasikia, ikatufukuza nchini. Gatini nilimwambia, "Mama, nina miaka kumi na minane hapa. Niombee nibaki." Akafuta machozi, akanipungia leso: "Nenda kwenu, Fiulasi, uko huru!"

Kwetu walishatufanyia matanga zamani, mimi na wewe. Nguruwe sita waliliwa, na mashamba yetu wakagawana. Nilipouliza la kwangu, baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa: "Tangu lini marehemu akalima magimbi?"

Wewe wamekuacha huko kwa sababu ya kifua chako. Kitunze. Na Bi Harriet akija na daftari lake kukuuliza uliteseka vipi, mpe chai, umwambie ulikuja kwa hiari yako.

Nduguyo marehemu,
Fiulasi